Bei ya kweli ya kutunza maneno ya siri

KATIKA bidhaa zote ambazo mfanyabiashara hununua siku hizi kwa ajili ya ofisi yake, ni chache zinazopimwa vibaya kama utunzaji wa maneno ya siri. Mchele hupimwa kwa kilo, saruji kwa mfuko na mafuta kwa lita. Huduma ya kutunza maneno ya siri hupimwa kwa ada iliyoandikwa kwenye tangazo, na mnunuzi akishaona kuwa ada hiyo haifikii gharama ya chai ya ofisi, huona amemaliza hesabu.

Hesabu hiyo haijakamilika. Bei ya kweli ya huduma hii hujulikana katika siku mbili: siku mtunzaji anapopandisha ada, na siku ghala lake linapovunjwa. Soko limekwisha kuziona siku zote mbili, na mafunzo yake yako wazi. Ofisi ndogo yenye angalau watu wawili wanaoweza kuandika amri kwenye kompyuta hufanya biashara nzuri zaidi ikitunza funguo zake yenyewe, kwa programu huria, kuliko kuzikabidhi kwa mlinzi aliye mbali. Hata hivyo, programu hizo si za bure kama inavyodhaniwa, na anayezichukua bila kujua gharama zake atalipa mara mbili.

ADA ILIVYOPANDA

Mfano unaofaa ni wa kampuni ya LastPass, iliyoanza Marekani mwaka 2008. Kazi yake ni rahisi kueleza. Mteja hukumbuka neno moja kuu la siri, na neno hilo hufungua kasha lenye maneno mengine yote. Kasha lenyewe husimbwa, yaani yaliyomo hugeuzwa fumbo lisilosomeka bila neno kuu, na nakala yake huwekwa kwenye seva za kampuni ili mteja alipate popote alipo.

Mwezi Oktoba 2015 kampuni ya LogMeIn ilikubali kuinunua LastPass kwa dola milioni 110 za Marekani. Wakati huo mteja wa kawaida aliyelipia alitozwa dola 12 kwa mwaka. Mwaka 2017 ada ikawa dola 24, na mwaka 2019 ikafika dola 36. Mwaka 2020 LogMeIn nayo ikanunuliwa na makampuni ya uwekezaji kwa takriban dola bilioni 4.3. Machi 2021 wateja wasiolipa waliambiwa wachague: ama watumie huduma kwenye kompyuta, ama kwenye simu, si kote kuwili.

Hakuna wizi hapo. Mwenye mali ana haki ya kupanga bei ya mali yake, na mnunuzi ana haki ya kwenda kwingine. Tatizo ni kwamba katika soko hili mnunuzi haendi kwingine kwa urahisi. Aliyeweka maneno 200 ya siri ndani ya kasha la mtu mwingine, na ambaye wafanyakazi wake wote wamezoea kasha hilo, atafikiri mara nyingi kabla ya kuhama kwa sababu ya dola 12. Wanaopanga ada wanalijua jambo hilo vizuri. Ofisi ya watu sita, kwa bei hizo za mtu mmoja mmoja, ilitoka dola 72 kwa mwaka hadi dola 216 katika muda usiofika miaka miwili, na huduma ilikuwa ile ile. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji; mgema huyu alipandisha na bei.

GHALA LILIPOVUNJWA

Siku ya pili ilikuja mwaka 2022. Mwezi Agosti LastPass ilitangaza kwamba mtu asiyeruhusiwa ameingia katika mitambo ya watengenezaji wake na kuchukua sehemu ya msimbo na maelezo ya kiufundi. Desemba 22 mwaka huo huo ilikiri jambo zito zaidi, kwamba nakala ya akiba ya makasha ya wateja imechukuliwa.

Maelezo yaliyotolewa Februari 2023 yalionyesha jinsi ilivyotokea. Wezi walimlenga mmoja wa wahandisi wanne waliokuwa na funguo za ghala la nakala hizo. Waliingia kwenye kompyuta ya nyumbani kwake kupitia programu ya kutazamia picha na muziki iliyokuwa na kasoro, wakapandikiza programu inayorekodi kila herufi inayobonyezwa, wakalipata neno lake kuu la siri.

Maneno ya siri ya wateja yalikuwa yamesimbwa, kwa hiyo mwizi hakuweza kuyasoma papo hapo. Lakini anuani za tovuti ambazo kila mteja anazitumia hazikuwa zimesimbwa. Mwizi aliweza kuona nani ana akaunti katika benki gani kabla ya kufungua chochote. Aidha, kasha lililoibwa halina mlinzi wa kuhesabu makosa. Mwizi anaweza kubahatisha neno kuu usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka, na mteja hawezi kulirudisha wala kulifuta. Kilichobaki kwa mteja mwenye neno kuu dhaifu kilikuwa kwenda benki moja baada ya nyingine, na tovuti moja baada ya nyingine, kubadilisha kila neno. Saa hizo za kazi hazikuandikwa katika tangazo lolote la ada.

Fundisho la kibiashara ni hili. Kampuni inayokusanya makasha ya mamilioni ya watu mahali pamoja hujenga pia kivutio. Mwizi anaweza kutumia miezi kumwinda mhandisi mmoja, kwa sababu nyuma ya mhandisi huyo kuna mamilioni ya makasha. Hakuna atakayetumia miezi hiyo kwa ajili ya duka moja la vipuri. Duka linaweza kuibiwa, la hasha si salama kwa udogo wake, lakini haliibiwi kwa sababu jirani yake ni tajiri.

KASHA LA KUANDIKIA AMRI

Upande wa pili wa soko kuna bidhaa isiyo na tangazo. Inaitwa pass, na ilitolewa mwaka 2012 na Jason Donenfeld, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa programu ya WireGuard ya kuunganisha mitandao kwa siri. Pass ni programu huria: msimbo wake uko wazi, na kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kuibadilisha na kuigawa. Ni ndogo mno. Msimbo wake haufiki mistari 1,000, na fundi mwenye subira anaweza kuusoma wote katika siku moja.

Pass haina picha za kubofya. Mtumiaji hufungua dirisha la amri na kuandika. Akiandika "pass insert benki/akaunti-kuu", programu humwomba neno la siri mara mbili bila kulionyesha kwenye kioo. Akiandika "pass generate" pamoja na jina la akaunti, programu humtungia neno lisilobahatishika, lenye herufi 25 kwa kawaida yake. Akiandika "pass -c" na jina hilo, neno hunakiliwa tayari kubandikwa panapohitajika, na baada ya sekunde 45 hufutwa ili asiyehusika asije akalibandika.

Kule kuombwa neno kando, bila kuliandika ndani ya amri yenyewe, si madoido. Kompyuta nyingi huhifadhi orodha ya amri zilizoandikwa. Anayeandika neno la siri ndani ya amri huliacha katika orodha hiyo, na mara nyingi mtumiaji mwingine wa kompyuta ile ile anaweza kuliona wakati amri inaendelea. Mafundi wengi wenye haraka wamevujisha maneno ya siri kwa njia hiyo bila mwizi yeyote kuhangaika.

Ndani yake pass haina siri ya pekee. Kila neno la siri huwekwa katika faili lake, ndani ya folda ya kawaida, na kila faili husimbwa na programu nyingine iitwayo GnuPG. Anayetaka huongeza Git, ambayo ni programu ya kuweka kumbukumbu ya mabadiliko. Kila neno linapoongezwa, kubadilishwa au kufutwa, Git huandika tarehe na kilichofanyika, na nakala yote inaweza kupelekwa kwenye kompyuta ya pili ya ofisi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Git ndilo daftari la kasha hili.

Hapa ndipo thamani ya bidhaa ilipo. Pass ikitoweka kesho, hakuna kinachopotea. Mafaili yatabaki kwenye folda, na GnuPG peke yake itayafungua. GnuPG ikitoweka, zipo programu nyingine zinazofuata kanuni ile ile ya OpenPGP. Hakuna mtu anayeweza kumpandishia mteja huyu ada ya kuingia dukani kwake, kwa sababu mlango ni wake na ufunguo ni wake.

GHARAMA ZISIZOANDIKWA

Rahisi ghali, nayo methali hiyo haijatenguliwa na kompyuta. Mwenye ofisi anayesikia kwamba pass haina ada hapana budi aelezwe gharama zake kabla hajashangilia.

Gharama ya kwanza ni ufunguo. GnuPG hufungua mafaili kwa ufunguo ulio ndani ya kompyuta, nao hulindwa kwa neno la siri. Ufunguo ukipotea, au neno lake likisahauliwa, hakuna wa kupigiwa simu. Maneno yote yatakuwa yamepotea kabisa. Ofisi yenye busara huweka nakala ya ufunguo kwenye kifaa kidogo cha kuhifadhia, ikakifunga katika bahasha, na bahasha ikalala ndani ya sefu pamoja na hati za kiwanja. Pass pia huruhusu folda moja isimbwe kwa funguo za watu zaidi ya mmoja. Mwenye duka na mhasibu wote wawili wakaweza kufungua folda ya benki, na kijana wa stoo akaweza kufungua folda ya stoo tu.

Gharama ya pili ni majina. Pass husimba yaliyomo ndani ya faili, lakini haisimbi jina la faili wala la folda. Anayeiba kompyuta ataona kwamba ofisi ina akaunti katika benki fulani, hata kama hawezi kuingia. Hii ni kasoro inayofanana na ile iliyowafichua wateja wa LastPass, na hakuna sababu ya kuifumbia macho kwa kuwa programu ni huria.

Gharama ya tatu huja siku mfanyakazi anapoondoka. Ni rahisi kuuondoa ufunguo wake na kusimba mafaili upya. Wengi huishia hapo wakidhani wamemaliza. Lakini aliyeondoka alikwisha kuyasoma maneno hayo, na huenda ana nakala za zamani kwenye kompyuta yake. Daftari la Git nalo huhifadhi ya jana na ya juzi. Dawa ni moja tu: kubadilisha maneno yenyewe huko benki, kwenye barua pepe na kwenye akaunti ya kodi, siku hiyo hiyo. Pass inatoa orodha ya vinavyopaswa kubadilishwa. Kazi yenyewe inahitaji mtu.

Gharama ya nne ni usafi wa kompyuta. GnuPG, kwa mpangilio wake wa kawaida, ikishafunguliwa hukumbuka neno la ufunguo kwa dakika 10 tangu lilipotumika mara ya mwisho. Kompyuta ikiwa na programu ya mwizi ndani yake, dakika hizo zinatosha. Kasha la nyumbani halimwokoi mtu anayepakua michezo na filamu za wizi kwenye kompyuta ya mhasibu.

NANI HUMLIPA MTUNZAJI

Kuna gharama ya tano ambayo wafanyabiashara huisahau kabisa. GnuPG, inayobeba uzito wote wa pass, ilianzishwa mwaka 1997 na Mjerumani Werner Koch, na toleo lake la 1.0 likatoka mwaka 1999. Kwa miaka mingi programu hiyo ilitegemewa dunia nzima huku Koch akiifanyia kazi karibu peke yake, kwa kipato kidogo. Februari 2015 shirika la habari la Marekani, ProPublica, lilieleza kwamba fedha zinamwishia. Michango ikamiminika. Linux Foundation ilitoa dola 60,000, na kampuni za Facebook na Stripe kila moja ikaahidi dola 50,000 kwa mwaka.

Habari njema ni kwamba baadaye kampuni ya Koch ilipata njia ya kujitegemea, kwa kuuza kwa ofisi za serikali ya Ujerumani toleo lililoidhinishwa kwa nyaraka za siri pamoja na huduma ya kulitunza. Programu imebaki huria. Kinachouzwa ni uangalizi. Hilo ndilo soko lenye afya, nalo linaweza kuigwa.

Pasipo mlipaji, hatari ni ya kweli. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya xz, programu huria ya kubana mafaili inayotumika katika kompyuta nyingi za Linux. Aliyeuweka alikuwa amejipenyeza kwa zaidi ya miaka miwili kama msaidizi mwema, akimpunguzia kazi mtunzaji mmoja aliyekuwa amechoka. Freund alishtuka kwa sababu kuingia kwenye kompyuta yake kulichelewa kama nusu sekunde. Msimbo ulikuwa wazi muda wote. Uwazi ulisaidia kwa sababu mtu alitazama. Usingesaidia kitu kama kila mmoja angedhani mwenzake anatazama.

NANI ANUNUE NINI

Kutokana na hayo, wanunuzi wanagawanyika katika makundi matatu, na kila kundi lina bidhaa yake.

Ofisi yenye watu wawili au zaidi wanaoweza kuandika amri ichukue pass. Iwe ni lazima wawe wawili, kwa sababu fundi mmoja anaweza kuugua, kusafiri au kugombana na mwenye mali. Siku tatu za kujifunza zihesabiwe kuwa gharama ya biashara, na sefu ya bahasha iwepo kabla neno la kwanza halijaingizwa.

Duka lisilo na mtu wa kuandika amri lisijilazimishe. Programu inayomtisha mhasibu itamrudisha kwenye kijidaftari cha droo au kwenye ujumbe wa simu, na hapo ni hatari kuliko kokote. KeePassXC ni programu huria nayo, haina ada, ina madirisha ya kubofya, na huweka maneno yote katika faili moja lililosimbwa kwenye kompyuta ya mwenyewe. Anayehitaji kasha lipatikane kwenye simu za watu wengi anaweza kulipia huduma, ila achague yenye msimbo ulio wazi, kama Bitwarden.

Kampuni kubwa itaendelea kununua huduma kwa mkataba, na haina kosa. Lakini isidhani kwamba inanunua pia msamaha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ile ya Kenya ya mwaka 2019, zote zinamtambua aliyekusanya taarifa za wateja kuwa ndiye mwenye wajibu wa kuzilinda. Ghala la mbali likivunjwa, mteja wa hapa atagonga mlango wa hapa.

Kwa makundi yote matatu kipimo ni kimoja, nacho hakihitaji utaalamu. Katika wiki ya kwanza, kabla mazoea hayajaingia, mnunuzi ajaribu kuondoka. Ayatoe maneno yote ndani ya kasha, aone kama yanatoka kamili, aone inachukua saa ngapi, kisha aifute kabisa orodha iliyotoka, maana mara nyingi hutoka bila kusimbwa. Ikitoka vizuri, ada ya tangazo inaweza kuaminiwa. Ikigoma, ada hiyo ni malipo ya awali tu, na iliyobaki itapangwa na muuzaji siku atakayoona inafaa.

Mwenye duka hawezi kukubali dalali ambaye, akishapewa ufunguo wa ghala, hautoi tena mpaka aongezewe fedha. Hakuna sababu ya kukubali katika kompyuta jambo ambalo sokoni Kariakoo lisingepita hata asubuhi moja.